Kimo Hakijichori: Mafunzo Niliyopata Nikijifunza Kuchora kwa Kompyuta Kisumu Ndogo

Kisumu Ndogo ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, Nairobi, na hapa vitu hutengenezwa mchana kutwa mbele ya macho ya watu. Ukitembea hatua chache utamkuta fundi akichomelea mlango, mwenzake akikunja bati la jiko, na wa tatu akipiga randa mbao za kitanda. Nilipoamua kujifunza kuchora maumbo ya vipimo vitatu, yaani yenye urefu, upana na kimo, sikuhangaika kutafuta vitu vya kuchora. Nilichohitaji ni njia ya kuvitoa mikononi mwa fundi na kuviweka kwenye skrini bila kupoteza kipimo hata kimoja.

Programu ninayotumia inaitwa FreeCAD. Ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo ni la maana sana kwa mtu anayenunua bando kwa shilingi. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, baada ya watu wa kujitolea kuijenga kwa zaidi ya miaka 20. Wengine hujifunzia AutoCAD, iliyoingia sokoni Desemba 1982 na ambayo inajulikana sana. Mengi ninayoyaeleza hapa yanafaa kwa programu yoyote kati ya hizo, kwa sababu yanahusu zaidi namna ya kukitazama kitu kuliko mahali kilipo kitufe.

1. Anza na tepu, kompyuta ingoje

Programu haijui kitu chako kina kimo gani. Ukichora mraba, itakuonyesha mraba. Ukitaka uwe sanduku, itakuuliza uinuliwe kiasi gani, na jibu hilo huna budi kwenda nalo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoshika ni tepu, penseli na karatasi. Hukichora kitu kwa mkono, kwa mistari ya haraka, kisha nikaandika vipimo pembeni: urefu, upana, kimo, na kile ambacho wanaoanza huwa hawakipimi, yaani unene wa bati au wa chuma chenyewe.

Hata wataalamu walianzia hapo. Mwaka 1975, Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alihitaji umbo la kufanyia majaribio ya michoro ya kompyuta. Mkewe, Sandra, akampendekezea birika la chai la nyumbani kwao. Newell alilichora kwanza kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, ndipo akaingiza namba kwenye kompyuta. Umbo la birika hilo limetumiwa na watafiti na wachoraji duniani kote hadi leo, na birika lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Kitu cha jikoni kilichopimwa vizuri kilitosha kuisukuma mbele taaluma nzima. Nawe una sufuria, ndoo na jiko.

2. Fundi anaongea inchi, programu inaongea milimita

Mafundi wetu wengi hupima kwa futi na inchi. FreeCAD, usipoibadilisha, hupima kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na futi moja ni milimita 304.8. Wengi hukadiria futi kuwa milimita 300 ili hesabu iwe nyepesi. Chukua mlango wa futi 7 kwa futi 3: kimo chake halisi ni milimita 2133.6, lakini kwa makadirio hayo kinakuwa 2100. Zimepotea zaidi ya milimita 33, na hiyo ni zaidi ya unene wa bomba la mraba la inchi moja. Mlango wa namna hiyo utaacha mwanya ambao panya na mvua ya Aprili vitauona kabla ya mwenye nyumba.

Kuna na geji. Chuma na bati huuzwa kwa namba ya geji, na namba ikipanda, unene unashuka. Bomba la geji 16 lina unene wa takriban milimita 1.5, la geji 18 takriban 1.2. Kwenye mchoro wa bapa unene huo hauna kazi kubwa, lakini kwenye umbo la vipimo vitatu ndio unaoamua bomba liwe na uwazi ndani au liwe nondo ya mraba. Bomba la milimita 25 kwa 25 la geji 18 lina uwazi wa milimita 22.6 ndani, kwa kuwa unene unatolewa pande zote mbili. Nimejizoesha kuandika geji kwenye karatasi yangu ya vipimo kabla sijaondoka kwa fundi.

3. Jua umesimama upande gani

Katika programu hizi kuna mihimili mitatu. FreeCAD huipaka rangi: X ni nyekundu, Y ni kijani, Z ni buluu. Mimi huichukulia X kuwa upana wa kitu, Y kuwa kina chake kwenda nyuma, na Z kuwa kimo. Ukibonyeza 1 kwenye kibodi unakitazama kitu kutoka mbele. 2, kutoka juu. 3, kutoka kulia. Na sifuri inakupa mtazamo wa kutoka kona, ambapo pande tatu zinaonekana kwa pamoja.

Mtazamo huo wa kutoka kona unavutia, na ndio unaompotosha anayeanza. Skrini ni bapa. Inaweza kukuonyesha mguu wa meza ukigusa ubao wa juu, kumbe mguu uko nyuma ya ubao kwa nusu mita na vimepangana machoni tu. Katika mtazamo huo hata duara huonekana kama yai. Dawa ni moja: usiamini upande mmoja. Kila ninapoongeza kipande nabonyeza 1, kisha 2, kisha 3. Kipande kikikaa sawa katika mitazamo yote mitatu, kimekaa sawa. Nikikuta kimekaa sawa mara mbili na mara ya tatu kimeachana na mwenzake, najua mara moja ni mhimili upi wa kurekebisha.

4. Vitu vingi ni maumbo machache yaliyounganishwa na kutolewa

FreeCAD inakupa maumbo ya msingi: sanduku, silinda, tufe, pia (yaani koni), na pete nene. Mwanzoni yanaonekana ni machache mno, lakini kuna amri tatu zinazoyazidisha: ya kuunganisha maumbo mawili yawe moja, ya kutoa umbo moja kutoka kwa jingine, na ya kubakiza sehemu yanayogawana tu.

Chukua ndoo ya lita 20 ya kutekea maji. Nilipima yangu kwa ndani: kipenyo cha juu milimita 310, cha chini 250, kimo 330. Hiyo ni pia iliyokatwa kichwa na kupinduliwa. Programu inaomba nusu kipenyo cha chini na cha juu, kwa hiyo niliandika 125 na 155, na kimo 330. Hilo ni umbo la maji yenyewe. Kupata ndoo, nilitengeneza pia ya pili iliyo kubwa zaidi kwa unene wa plastiki, nikaishusha kidogo ili ndoo iwe na kitako, kisha nikatoa ya ndani kutoka kwa ya nje. Hapo mpangilio una maana: linalochaguliwa kwanza ndilo linalobaki, na linalochaguliwa baadaye ndilo linalotolewa. Ukigeuza mpangilio utapata kitu kingine kabisa, au usipate chochote.

Tangu hapo siwezi kupita mtaani bila kukitenganisha kila kitu machoni. Tangi la maji ni silinda yenye paa la pia. Kibanda ni sanduku lililotolewa sanduku dogo mahali pa dirisha. Bawaba ni silinda mbili na vipande viwili vya bapa. Macho yakishazoea kutenganisha, mkono wa kwenye kipanya haupati shida.

5. Hesabu ya darasa la saba ni mkaguzi mzuri

Umbo likishakuwa na kimo, linakuwa na ujazo, na programu inaweza kukutajia. Hii ni nafasi ya kujikagua ambayo mchoro wa bapa haukupi. Umbo la maji ya ndoo ile lina ujazo wa takriban milimita za ujazo 20,400,000. Lita moja ni milimita za ujazo milioni moja, kwa hiyo ni lita 20.4. Ndoo imeandikwa lita 20 ubavuni. Mchoro na ukweli vimekutana.

Sasa tazama kinachotokea mtu akiandika kipenyo mahali pa nusu kipenyo, yaani 250 na 310. Umbo kwenye skrini linaonekana la kawaida, kwa sababu skrini hukivuta kitu chochote kikaenea. Lakini ujazo unaruka hadi zaidi ya lita 81, mara nne ya ulivyotakiwa kuwa. Jicho halitaona, hesabu itaona. Kwa kila umbo la mviringo ninalochora, nauliza ujazo wake na kuulinganisha na ninachokijua: lita za ndoo, debe la mahindi, au kanuni ya silinda ambayo wengi wetu tuliifanyia mtihani shuleni.

6. Kitu cha mviringo, chora ubavu wake kisha uzungushe

Fundisho hili ndilo lililonifungulia mlango. Umbo nililotaka kulichora kuliko yote ni jiko la makaa lenye kiuno, lile la bati nje na udongo ndani. Jiko hilo lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakaliunganisha na jiko la bati lililokuwa likitengenezwa hapa, na mafundi wa jua kali wa Nairobi, wakiwemo wa Shauri Moyo, wakalieneza. Umbo lake la kupana juu, kubana katikati na kupana tena chini lina kazi: juu linashika bakuli la udongo, na chini linasimama bila kupinduka.

Huwezi kulipata kwa silinda. Njia ni hii. Chagua bapa lililosimama wima, lile la X na Z, ndipo uchore nusu tu ya mkato wa jiko, kana kwamba umelipasua katikati. Langu lilikuwa na nusu kipenyo cha milimita 130 kwenye kitako, 85 kwenye kiuno kilicho kimo cha 110, na 140 kwenye ukingo wa juu ulio kimo cha 220. Nikaunganisha nukta hizo kwa mistari, nikachora mistari ya pili sambamba nayo kwa ndani ili kuupata unene wa bati, nikafunga ncha. Kisha nikaiamuru programu izungushe mchoro huo kuuzunguka mhimili wa Z kwa nyuzi 360. Jiko likasimama.

Kuna masharti mawili. Mchoro sharti ufungwe kabisa, pasiwe na mwanya hata wa nywele kati ya mstari na mstari, la sivyo utapata ngozi tupu badala ya kitu chenye unene. Na mchoro usivuke mhimili unaozungushiwa. Ukishayatimiza hayo, bakuli la udongo linapatikana kwa njia ile ile: ubavu wake, kisha mzunguko. Vishikizo vitatu vya sufuria huchori vitatu; unachora kimoja na kukirudia kila nyuzi 120. Mlango wa majivu unatoka kwa kutoa sanduku dogo kwenye nusu ya chini.

Ukizungusha kwa nyuzi 180 badala ya 360, unapata jiko lililopasuliwa. Fundi wa jirani yangu aliponiona nikilizungusha hilo kwenye skrini, aliinama akalitazama kwa muda, akaweka kidole mahali udongo unapokutana na bati, akasema, "Hapa kijana wangu weka nafasi ya simenti. Udongo haukai moja kwa moja kwenye bati." Nimetengeneza nafasi hiyo, na sasa mchoro wangu una maarifa ya mtu aliyeshika nyundo miaka mingi. Mchoro wa mbele peke yake usingemwonyesha mahali pa kuweka kidole.

7. Vyuma viwili havikai mahali pamoja

Kwenye kompyuta, vipande viwili vinaweza kuingiliana bila kelele yoyote. Kwenye karakana haviwezi. Nilijifunza hili kwa stuli ya chuma: milimita 300 kwa 300 juu, kimo 450, ya bomba la mraba la milimita 25. Ukiihesabu kwa mistari mitupu, unasema: miguu minne ya 450, vipande vinne vya juu vya 300, na vinne vya kukaza miguu chini vya 300. Jumla milimita 4200.

Ukiichora kwa vipimo vitatu, ukweli unajitokeza. Fremu ya juu ina vipande vinne vya 300 vilivyokatwa kona kwa nyuzi 45. Miguu inakaa chini ya fremu hiyo, kwa hiyo kila mguu ni 425; ukiukata 450, stuli inakuwa na kimo cha 475. Vile vya kukaza vinakaa katikati ya miguu, kwa hiyo ni 250, maana miguu miwili imeshakula 50. Jumla sasa ni 3900. Bomba huuzwa kwa urefu wa takriban mita 6, na kinachobaki ni karibu mita 2.1, ukiondoa kinacholiwa na msumeno. Kipande hicho kinatosha kuanzia kazi nyingine, na kwa fundi mdogo hiyo ni pesa.

Ile amri ya kubakiza sehemu zinazogawanwa ndiyo mkaguzi hapa. Ipe vipande viwili vinavyokutana. Ikirudisha umbo lolote lenye ujazo, basi vyuma hivyo vimeingiliana na kimoja hakina budi kupunguzwa. Isiporudisha kitu, havijaingiliana, na ndivyo inavyotakiwa.

8. Andika namba kwa namna itakayokuruhusu kuzibadilisha

Mteja hubadilisha nia. Leo anataka stuli ya 450, kesho anataka ya 600 ya kukalia kwenye kaunta. FreeCAD inakumbuka kila hatua uliyopitia, na ukibadilisha namba moja mwanzoni, umbo zima linajipanga upya, mradi tu uliufunga mchoro kwa vipimo. Nayo inakusaidia: mchoro wa msingi ukishapata vipimo vyote unavyohitaji, mistari yake yote hugeuka kijani. Kabla ya hapo, kuna kitu bado kinaning'inia na kinaweza kusogea.

Kwa sababu hiyo hiyo, kona za kulainishwa ziache hadi mwisho. Ukilainisha mapema kisha ukabadilisha kipimo cha chini yake, programu inaweza kushindwa kuitambua kona uliyoikusudia. Umbo kwanza, matundu baadaye, mapambo mwisho.

Na uhifadhi kazi. Stima yetu inajulikana. Mimi huhifadhi kila baada ya hatua yenye maana, na kila siku mpya huwa na faili yenye namba yake, ili niweze kurudi nyuma bila kuomboleza.

9. Ardhi nayo ina kimo

Mwaka 2009, mradi wa Map Kibera uliwafundisha vijana wa hapa kutembea na vifaa vya GPS wakirekodi njia, vyoo, shule, zahanati na vituo vya maji. Kabla ya hapo, mtaa huu mkubwa ulikuwa kama doa tupu kwenye ramani za wazi za mtandaoni. Kazi ile ilituweka duniani, nami naiheshimu sana.

Lakini ramani hukuonyesha kitu kutoka juu, na Kibera haiko tambarare. Inateremka kuelekea mtoni, na anayebeba mtungi wa maji anaujua mteremko kwa magoti. Ukichora kibanda kana kwamba kinasimama kwenye sakafu ya skrini, utampa fundi miguu minne sawa na kibanda kitainama. Fikiria kibanda chenye kina cha milimita 1200 mahali ambapo ardhi inashuka sentimita moja kwa kila sentimita kumi. Miguu ya upande wa chini lazima iwe mirefu kwa milimita 120 kuliko ya upande wa juu, na ngazi ya kuingilia itategemea mlango unaelekea wapi.

Kuupata mteremko hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Mafundi wa mjengo hutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake: maji husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, na unapima tofauti kutoka ardhini kwa tepu. Siku hizi, kabla ya kuchora kitu chochote kitakachosimama nje, huchora kwanza bapa lililoinama kwa kipimo hicho, kisha najenga juu yake. Mtaro wa maji ya mvua pia unaonekana mapema: ukiona kibanda kimeziba njia ya maji kwenye skrini, kihamishe huko huko kwenye skrini.

10. Mchoro umekamilika fundi anapoweza kukata

Mafundi wa majahazi wa Lamu wamejenga vyombo vya kuvuka bahari bila kutegemea ramani kwenye karatasi; umbo lote limo kichwani na machoni. Mafundi wa Kisumu Ndogo wana kipawa hicho hicho. Mchoro wa kompyuta haukuja kuwafundisha kazi. Umekuja kuwaokoa na ugomvi unaozuka pale mteja anapoona kitu kimoja kichwani mwake na fundi anaona kingine.

Kwa hiyo simpelekei fundi kompyuta peke yake. Ninachapisha kwenye saiba karatasi moja ya A4: mtazamo wa mbele, wa juu na wa ubavuni, kwa skeli ya 1:5, ili stuli ya 450 iwe milimita 90 kwenye karatasi. Pembeni naweka umbo zima likitazamwa kutoka kona, kwa ajili ya mteja. Chini naweka orodha ya kukata: vipande vingapi, urefu gani, geji gani. Vipimo naviandika kwa milimita na kwa inchi, kwa sababu karatasi hiyo itashikwa na watu wawili waliozoea tepu tofauti.

Jihadhari na mpangilio wa mitazamo. Kuna utaratibu ambao mtazamo wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele, na mwingine ambao huwekwa juu yake. Alama inayoonyesha utaratibu uliotumika ni pia iliyokatwa kichwa, ikionyeshwa kwa pande mbili. Iweke kwenye karatasi, na pia uandike kwa maneno: "kutoka juu", "kutoka kushoto". Maneno hayo matatu manne yanaokoa bati.

Mteja akiridhika, anatia sahihi kwenye karatasi hiyo hiyo kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Nimeiona tabia hii ikituliza mazungumzo ya bei, kwa kuwa kila mtu anaongea juu ya kitu kimoja kinachoonekana. Na faili ile ile, ukitaka kwenda mbele zaidi, inaweza kutolewa kwa muundo unaosomwa na mashine za kukata au za kuchapisha maumbo. Nairobi inazo: Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana yake ya Fablab, karakana ya Gearbox imewakaribisha wabunifu kwa miaka mingi, na kampuni ya AB3D imeunda mashine za kuchapisha maumbo hapa hapa, ikitumia pia vipuri vya taka za kielektroniki. Umbali kutoka mchoro wa jiko hadi kazi ya namna hiyo si mkubwa kama unavyodhaniwa.

Kwa wanaoendesha mafunzo ya kompyuta katika mitaa yetu, nina ombi moja. Mnatufundisha kuandika barua na kujaza majedwali, na tunashukuru. Ongezeni kuchora, na siku ya somo hilo mwalikeni fundi mmoja wa mtaani aje na kitu alichokitengeneza, wanafunzi wakipime mbele yake. Nawe kijana unayesoma haya, usingoje kozi. Azima tepu leo, chagua kitu kimoja ndani ya chumba chako, kipime pande zake zote pamoja na unene, kichore, kisha mpelekee fundi akikosoe. Fundi akisema anaweza kukikata bila kukuuliza swali, umeshajua kuchora.